Mkato, Pigo na Neno: Historia ya Uhariri katika Filamu za Nyimbo

Miongoni mwa watu wazima watazamao nyimbo katika televisheni, lalamiko moja husikika mara kwa mara: picha zakimbia mno. Jicho halijatua vyema juu ya uso wa mwimbaji, na tayari limeshapelekwa kwenye gurudumu la gari, kisha kiunoni mwa mchezaji, kisha angani. Lalamiko hilo huambatana na dhana kwamba haraka hiyo ni maradhi mapya yaliyoletwa na stesheni za Marekani katika miaka ya 1980, na kwamba kabla ya hapo filamu ilikwenda kwa staha yake. Dhana hii ina ukweli mdogo na kosa kubwa. Kosa lenyewe lastahili kuchunguzwa, hasa na wale ambao kazi yao ni lugha, maana jambo linalobishaniwa hapa si kasi peke yake. Ni swali ambalo wanazuoni wa ushairi wa Kiswahili wameligombania kwa miaka mingi: kipimo hutoka wapi, na humtumikia nani?

Istilahi chache zahitaji kuwekwa sawa kwanza. Kipande, kwa matumizi ya makala haya, ni sehemu ya filamu iliyopigwa na kamera bila kukatizwa; mkato ni pale kipande kimoja kinapokoma na kingine kinapoanza. Picha ya karibu huujaza uwanja wote kwa uso au mkono. Picha ya mbali huonyesha mwili mzima pamoja na mahali uliposimama. Mwendo wa uhariri hupimwa kwa urefu wa vipande: vikiwa vifupi, mwendo ni wa kasi. Hayo ndiyo maarifa yote ya kiufundi yanayohitajika ili kuifuata habari hii, na msomaji aliyewahi kukaa karibu na mshona viraka tayari anayo nusu yake.

Chanzo cha Urusi

Katika miaka iliyofuata mapinduzi ya mwaka wa 1917, filamu mbichi ilikuwa adimu nchini Urusi. Vijana waliofundishwa na Lev Kuleshov mjini Moscow walijifunza kazi kwa kukata na kuunganisha upya filamu zilizokwisha kutengenezwa na wengine. Uhaba huo ulizaa elimu. Kuleshov aliuchukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso usioonyesha furaha wala huzuni, akauunganisha mara na sahani ya supu, mara na jeneza. Filamu yenyewe haikuhifadhiwa, na masimulizi juu ya vipande vilivyotumiwa yanatofautiana, lakini fundisho lake lilienea kote: watazamaji waliona njaa katika uso ule, kisha wakaona majonzi, ilhali uso haukubadilika hata kidogo. Kwa mwanaisimu jambo hili si geni. Neno "kaa" laweza kuwa mnyama wa pwani, kipande cha moto au amri ya kuketi. Majirani zake katika sentensi ndio wanaoamua. Kuleshov aligundua kwamba picha nayo ina majirani.

Aliyelifikisha wazo hilo kwenye mlango wa muziki ni Sergei Eisenstein. Katika maandishi yake ya mwaka wa 1929 alizipanga aina za uunganishaji wa picha, na mbili za kwanza ndizo zinazohusika hapa. Aina ya kwanza hufuata hesabu tupu: kila kipande hupewa urefu wake kwa kanuni, kama vile kipimo cha muziki kinavyogawanywa, na kilichomo ndani ya kipande hakipewi sauti katika uamuzi huo. Aina ya pili huitia maanani harakati iliyomo ndani ya picha yenyewe, na kwa hiyo urefu wa kipande waweza kuivunja hesabu pale maana inapodai. Mfano alioutoa ni ule wa ngazi za Odessa katika filamu yake Battleship Potemkin ya mwaka wa 1925. Askari wanashuka ngazi kwa hatua zilizopangwa kama pigo la ngoma, lakini mikato haiangukii juu ya hatua hizo. Mguu unadai hapa, mkato unakuja pale. Hofu ya mtazamaji hutokana na kutopatana huko.

Mtu aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili hawezi kuisoma tofauti hiyo bila kusikia mvumo wa mabishano ya nyumbani. Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka wa 1954, aliweka urari wa mizani na vina kuwa msingi wa utungo. Euphrase Kezilahabi, kwa diwani yake Kichomi ya mwaka wa 1974, aliuacha urari huo na kuruhusu mshororo urefuke au ufupike kwa kadiri ya wazo. Haidaiwi hapa kwamba Eisenstein alikuwa malenga, wala kwamba Kezilahabi alijifunza kwake. Linalodaiwa ni dogo zaidi, nalo lina uzito: popote sanaa inapokwenda kwa muda, yaani popote ambapo kitu kimoja lazima kikome ndipo kingine kianze, ugomvi huohuo huzuka kati ya kipimo kilichowekwa kabla na kipimo kinachozaliwa na maana.

Ama kuhusu kasi, takwimu zalikana lalamiko la wazee. Man with a Movie Camera, filamu ya Dziga Vertov ya mwaka wa 1929 iliyohaririwa na mkewe Elizaveta Svilova, ina vipande 1,775 katika muda wa dakika 68 hivi. Hesabu ya kugawanya humpa kila kipande sekunde 2.3 kwa wastani. Hakukuwa na gitaa la umeme wakati huo, na filamu ilikuwa bubu. Kwa upande mwingine, filamu za Hollywood zilizotengenezwa kati ya mwaka wa 1930 na 1960 zilikuwa, kwa hesabu ya David Bordwell, na wastani wa sekunde 8 hadi 11 kwa kipande. Staha inayokumbukwa na wazee, kwa hiyo, haikuwa maumbile ya filamu. Ilikuwa desturi ya mahali pamoja kwa kipindi kimoja, na filamu zake ndizo zilizosafirishwa kuja kuonyeshwa Nairobi na Mombasa.

Sanduku la senti kumi

Sauti ilipoingia katika filamu, Eisenstein pamoja na Pudovkin na Aleksandrov walitoa tamko mwaka wa 1928. Walihofu kwamba sauti ingeifanya picha kuwa mtumwa wake. Wakapendekeza sauti na picha zipingane, kila moja ikisema lake. Soko halikuwasikiliza. Kati ya mwaka wa 1940 na miaka ya mwisho ya vita, mikahawa na baa za Marekani ziliwekewa mashine iliyoitwa Panoram, sanduku lenye kioo lililoonyesha filamu za nyimbo za dakika tatu kwa malipo ya senti kumi. Duke Ellington na Louis Jordan walipigiwa filamu za namna hii. Mtazamaji hakuweza kuchagua wimbo, kwani filamu zilifungwa katika mkanda mmoja na kuja kwa zamu. Ufaransa ilipata mashine yake, Scopitone, mwaka wa 1960, na hii iliruhusu uchaguzi. Ni jambo la kupendeza kwamba miongoni mwa watumiaji wake walikuwa wafanyakazi wahamiaji kutoka Maghreb, waliotazama nyimbo za Kiarabu na Kikabyle katika mikahawa ya miji ya Ufaransa. Uhariri wa filamu hizi nyingi ulikuwa wa kawaida tu: mwimbaji mbele, wapigaji nyuma, wachezaji pembeni.

Lakini katika enzi hiyohiyo, suala la uchaguzi wa picha lilikuwa limekwisha kuamuliwa kwa namna ya kudumu na mcheza dansi mmoja. Fred Astaire, tangu filamu zake za miaka ya 1930, alishikilia kwamba mwili wake uonekane mzima kuanzia kichwa hadi kiatu, na kwamba dansi isikatwekatwe. Sababu yake ilikuwa ya fundi: anayecheza kwa miguu akipigwa picha ya uso, ameibiwa kazi yake. Kila mhariri wa filamu ya wimbo wenye dansi amelikuta sharti hilo mezani pake tangu wakati ule, alitii au asilitii.

London, 1964 na 1965

Mwaka wa 1964 Richard Lester alitengeneza A Hard Day's Night pamoja na kundi la Beatles. Katika filamu hiyo upo wimbo, Can't Buy Me Love, ambao vijana wanne wanatoroka jengo na kukimbia ovyo uwanjani. Hakuna anayeuimba mbele ya kamera. Midomo imefungwa au inacheka, wakati wimbo unaendelea juu yao. Kamera iko juu hewani, kisha chini majanini. Mwendo unaharakishwa, kisha unarudi wa kawaida. Tendo hili dogo liliutenga wimbo na kinywa. Tangu hapo haikuwa lazima mwimbaji aonekane akiimba, na mhariri akawa huru kuuliza: ikiwa kinywa si sababu ya picha, sababu ni nini? Jibu la Lester lilikuwa pigo la muziki na furaha ya mwili.

Jibu lililo kinyume lilitolewa mwaka uliofuata katika mji huohuo. D. A. Pennebaker alimpiga picha Bob Dylan akiwa amesimama katika kichochoro karibu na hoteli ya Savoy, ameshika rundo la kadi zilizoandikwa maneno ya wimbo wake Subterranean Homesick Blues. Kamera haisogei kwingine. Hakuna mkato hata mmoja. Dylan haimbi, anaidondosha kadi moja baada ya nyingine kadiri maneno yanavyopita, na nyuma yake yuko mshairi Allen Ginsberg akizungumza na mtu. Kadi hazina maneno yote ya wimbo. Zina maneno machache yaliyoteuliwa, aghalabu yale yanayobeba kina, na mengine yameandikwa kimakosa kwa makusudi. Kwa wanaosoma ushairi, filamu hii ni hazina. Kazi ya mkato imehamishiwa kwenye karatasi: kila kadi inayoanguka ni mwisho wa kipande kimoja cha fikira. Mwendo wake ni wa kasi sana, na mhariri hakuhitaji kugusa mkasi.

Katika vichochoro hivyo viwili, kwa kusema hivyo, zilipatikana njia mbili ambazo filamu za nyimbo zimezifuata hadi leo. Yaliyofuata kwa miaka kumi na mitano yaweza kupitiwa upesi. Bruce Gowers alipiga picha za Bohemian Rhapsody ya kundi la Queen mwezi wa Novemba 1975 kwa saa chache tu, kwa mkanda wa video na si kwa filamu, na mafanikio yake yaliwafundisha wauza santuri kwamba picha zaweza kuzunguka dunia mahali pa waimbaji. Tarehe 1 Agosti 1981 stesheni ya MTV ilifunguliwa Marekani na kuanza na Video Killed the Radio Star, iliyokuwa imetengenezwa na Russell Mulcahy miaka miwili kabla. Stesheni hiyo ililaumiwa waziwazi kwa kuwapa nafasi finyu mno waimbaji Weusi, mpaka mwaka wa 1983 Billie Jean ya Michael Jackson ilipoupasua mlango.

Jackson ndiye aliyelirudisha sharti la Astaire. Katika Beat It ya mwaka wa 1983, na zaidi katika Thriller ya Desemba mwaka huohuo, iliyoongozwa na John Landis na kuchukua karibu dakika 14, kamera hurudi nyuma kila dansi ya kundi inapoanza. Wachezaji husimama kwa safu mbele ya mtazamaji, miguu yao ikionekana. Vipande hurefuka papo hapo pale ambapo mtu angetarajia vifupike, kwa kuwa muziki umepamba moto. Hilo ndilo jambo ambalo waigaji wengi hawakuliona. Walidhani nguvu ya Thriller imo katika mavazi ya wafu na moshi. Kumbe sehemu kubwa imo katika uamuzi wa kutokata.

Hesabu za fundi

Ili hoja isielee hewani, yafaa utaratibu wa kazi uelezwe. Wimbo hurekodiwa kwanza. Siku ya kupiga picha hupigwa kwa vipaza sauti, naye mwimbaji huigiza kuuimba, tangu mwanzo hadi mwisho, mara nyingi: mara moja kwa picha ya mbali, mara nyingine kwa nusu ya mwili, mara nyingine kwa uso. Kwa hiyo mhariri, katika kila nukta ya wimbo, anazo picha kadhaa zinazolingana na sauti ileile, na aweza kuruka kutoka moja hadi nyingine bila kupoteza neno. Uhuru huu hakuupata kamwe mhariri wa tamthilia ya sinema. Kuna hata hila ya kuupiga wimbo kwa kasi iliyoongezwa wakati wa kupiga picha, kisha kuipunguza picha baadaye, hivi kwamba mwili waelea taratibu ilhali midomo yapatana na maneno. Wimbo wa The Police uitwao Wrapped Around Your Finger ulitengenezwa hivyo mwaka wa 1983.

Pigo nalo lina hesabu yake. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde. Filamu ya sinema hupita fremu 24 kwa sekunde, na kwa hiyo kila pigo huchukua fremu 12 kamili. Lakini televisheni ya Kenya, kama ya Ulaya, imekwenda kwa picha 25 kwa sekunde, na hapo pigo moja huwa fremu 12 na nusu. Nusu ya fremu haipo. Mhariri akata mara kwenye 12, mara kwenye 13, na mkato mmoja kati ya kila miwili hauwezi kuangukia pigo kwa ukamilifu. Jicho halioni kasoro hiyo. Hata hivyo ni vizuri kuijua, kwani wapo wanaolizungumzia pigo kana kwamba ni ukuta ambao mkato hugota. Ni afadhali kulifananisha na mshindo wa wimbi: wahariri wengine huutangulia kidogo, wengine huuchelewesha, na ladha ya kazi yao imo humo.

Kuanzia mwaka wa 1989, mashine ya Avid ilipoingia sokoni, mkasi na gundi vilianza kutoweka. Mkato ulikuwa tendo lisilorudishwa kwa urahisi. Sasa ukawa kitu cha kujaribu na kufuta. Vipande vikafupika, na si katika nyimbo tu: filamu za kawaida za Hollywood, kwa hesabu za Bordwell, zilikuwa zimeteremka hadi sekunde 3 mpaka 6 kwa kipande mwishoni mwa miaka ya 1990. Carol Vernallis, katika kitabu chake cha mwaka wa 2004 kuhusu sanaa hii, ameonyesha kwamba mkato wa filamu ya wimbo haujaribu kujificha kama ule wa filamu ya hadithi. Wataka uonekane. Wenyewe ni ala mojawapo miongoni mwa ala.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo ya wepesi wa kukata, kazi zilizokumbukwa sana ni baadhi ya zile zilizokataa. John Maybury, mwaka wa 1990, aliuweka uso wa Sinéad O'Connor mbele ya kiza kwa sehemu kubwa ya Nothing Compares 2 U, akaupisha kwa picha chache tu za bustani mjini Paris. Chozi lililomtoka mwimbaji halikupewa mkato wa kulikinga. Baillie Walsh alimfuata Shara Nelson akitembea katika barabara ya West Pico mjini Los Angeles kwa kipande kimoja tu mwaka wa 1991, katika Unfinished Sympathy ya kundi la Massive Attack. Naye Michel Gondry, mwaka wa 2002, alifanya jambo la werevu zaidi. Katika Star Guitar ya Chemical Brothers mtazamaji yu katika dirisha la garimoshi nchini Ufaransa. Nguzo, madaraja na majengo hupita kwa mpango uleule wa sauti, kila ngoma na nguzo yake. Mkato hauonekani popote, na bado pigo lote laonekana. Hapo hesabu tupu ya Eisenstein imeingizwa ndani ya kipande, na haina tena haja ya kuvunja kitu.

Mshororo mbele ya kamera

Televisheni ilianza Kenya mwaka wa 1962, Zanzibar mwaka wa 1973, na Tanzania Bara mwaka wa 1994. Kwa muda mrefu wimbo wa kienyeji ulioonekana mara kwa mara katika televisheni ya Kenya ulikuwa wa kwaya: waimbaji wenye sare wamesimama kwa safu bustanini, wakiyumba pamoja, na kamera ikiwatazama kutoka mbele kwa vipande virefu. Wajuzi wa baadaye wamezicheka picha hizo. Kicheko hicho ni cha haraka. Picha ya safu haimwinui mtu mmoja juu ya wenzake. Yasema kwamba kuimba huku ni kwa jamii, na huo ni uchaguzi wa maana hata kama ulisababishwa pia na uchache wa kamera. Nyimbo za Kongo nazo zilileta umbo lake, kwani muundo wake wenyewe umegawanyika: kwanza maneno ya taratibu, kisha sebene, ambapo magitaa huchukua usukani na wachezaji huingia. Mhariri hapewi nafasi ya kubuni mwendo. Ameshapangiwa na mtunzi.

Ugumu wa kweli upo katika mambo mawili ambayo vitabu vya Ulaya haviwezi kuyaona. La kwanza ni ngoma. Katika chakacha, na katika ngoma nyingi za Afrika, hakuna pigo moja bali mapigo yanayopishana: sikio moja laweza kuhesabu mbili, jingine tatu, na mchezaji akafuata yote mawili, mabega kwa hili na kiuno kwa lile. Mkato lakini ni mmoja. Ukiangukia hesabu ya mbili, umeipa hesabu hiyo ubwana juu ya nyingine. Uhariri uliozoea pigo la nne la mashine, ukitumiwa juu ya chakacha, huinyoosha ngoma mpaka iwe gwaride, na mtazamaji ambaye hakuwahi kuicheza hatajua kilichopotea.

La pili ni neno. Shairi la mizani kumi na sita lina ukwapi na utao, na mwisho wa kila upande pana kina na pumzi. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka wa 1988, ametilia nguvu kwamba tungo hizi zilitungwa ziimbwe, na kwamba hazitenganishwi na sauti zake. Ikiwa ndivyo, mahali pa haki pa mkato pamekwisha kuwekwa na mtunzi: mwisho wa ukwapi, mwisho wa utao, na juu ya yote kabla ya kibwagizo. Mhariri akatae akipenda, lakini ajue anachokataa. Jicho likiondolewa usoni pa mwimbaji silabi mbili kabla ya kina, msikilizaji hukipokea kina akiwa anaangalia viatu.

Kuna hata suala la fonetiki. Katika kuigiza kuimba, makosa huonekana zaidi penye konsonanti zinazofunga midomo, yaani b, p na m, kwa kuwa jicho huona midomo imegusana au haikugusana. Kiswahili kimejaa m: mtu, mke, mpenzi, mbali, umenimaliza. Wimbo wa mapenzi hauwezi kwenda mistari miwili bila midomo kufungwa. Kwa sababu hiyo picha ya karibu katika wimbo wa Kiswahili ni mtego kwa mwimbaji asiyejua vyema maneno yake, na mhariri ambaye haelewi lugha hiyo hana njia ya kujua kwa nini mtazamaji wa Lamu au Tanga ameguna.

Filamu ya Kenya iliyoonyesha kwa ufasaha kwamba uchaguzi wa picha waweza kuwa lugha kamili ni Ha-He ya kundi la Just A Band, iliyoenea kwa njia ya intaneti mwezi wa Machi 2010. Shujaa wake, Makmende, alichukua jina lililokuwa likitumiwa na watoto wa mitaa ya Nairobi kwa mtu ajitiaye ubabe, jina ambalo kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi ni tisho la Clint Eastwood katika filamu ya mwaka wa 1983, lililosikiwa na sikio la Nairobi na kutohozwa. Waundaji walifanya kwa picha kile watoto walichofanya kwa neno. Walizitohoa mbinu za filamu za Wamarekani Weusi na za kareti za miaka ya 1970: kamera inayosonga kwa ghafla mpaka usoni, picha inayogandishwa ili jina la mhusika liandikwe juu yake, ngumi inayokatwa kabla haijafika. Mikato yake si ya muziki tu. Ni nukuu, na kicheko chake kilimtegemea mtazamaji anayekumbuka kumbi zilizoonyesha filamu hizo.

Taarabu inabaki kuwa mtihani mgumu kuliko zote. Hapo msikilizaji naye ni mtendaji. Mwanamke anayeuona ubeti umemgusa, au umemgusa hasimu wake, huinuka na kwenda kumtunza mwimbaji, naye huchagua saa yake: hasubiri wimbo uishe, huondoka kitini katika mshororo uleule uliomchoma, ili ukumbi mzima ujue ni maneno gani aliyoyafanya yake. Mpiga picha wa arusi mwenye kamera moja ana nukta chache za kuamua. Akimfuata mtunzaji, anaukosa mdomo unaomaliza kina. Akibaki kwa mwimbaji, anaikosa fasiri ya ubeti ambayo inatembea ukumbini kwa miguu, noti mkononi. Mwenye kamera mbili hulimaliza tatizo hili baadaye, mezani, kwa mkato mmoja, ikiwa anajua utao unaanzia wapi na ikiwa kuna aliyemwambia yule mwanamke ni nani.